Ardhi Adimu

Mimi ni mtu wa kusahihisha. Kazi niliyoajiriwa kuifanya pale Changamwe ni kuponda mawe, kuyachekecha, kuyapima na kuandika kilichomo ndani yake, lakini kwa miaka mingi kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa kuwasahihisha wenzangu Kiswahili chao. Mkubwa wangu, mwanajiolojia aliyetoka bara, akisema "niletee ile mawe," namrudishia palepale kwamba ni yale mawe. Yeye ni mpole, hucheka akarudia vizuri, nami hujiona nimemfanyia hisani kubwa.

Katika droo ya meza yangu kulikuwa na jiwe dogo lililoletwa kutoka ng'ambo, la kulinganishia na mawe yetu. Jina lake ni bastnasaiti. Nilipomtajia mama aliniuliza, "Basi nini?" na tangu siku hiyo nyumbani kwetu likaitwa hivyo, basi-nini. Rangi yake ni ya asali iliyokaa sana, hudhurungi inayoelekea wekundu, na ukiligeuza penye mwanga linang'aa kwa mafuta mafuta kama uso wa halua. Anayelishika mara ya kwanza hushtuka. Ukubwa ni wa ndimu, ila uzito unakaribia mara mbili ya jiwe la kawaida la kimo hicho. Na pamoja na uzito wote huo si gumu, ncha ya kisu hulikwaruza bila taabu.

Ni la ukoo wa kaboneti, kwa hiyo lina undugu wa mbali na matumbawe tunayojengea nyumba huku pwani. Ukidondosha tone la asidi juu ya tumbawe, povu hutoka palepale kwa fujo. Ukilidondoshea basi-nini, utadhani halikusikia. Inabidi ulisage, uipashe asidi moto kidogo, usubiri, ndipo viputo vianze kupanda kimoja kimoja. Wageni wengi huchoka kusubiri wakasema si kaboneti. Mimi napenda kungoja, na ni jambo la ajabu, kwa sababu nje ya maabara sina subira hata ya kungoja chai ipoe.

Ndani ya jiwe hilo mna seriamu, lanthanamu na wenzao, metali zinazoingia katika sumaku za spika za simu na katika unga wa kusugulia vioo vya miwani. Hupatikana hasa katika miamba ya namna ya pekee. Zamani mno, chini kabisa, uji wa moto wenye kaboneti nyingi ulipanda juu ukaganda, na katika nyufa zake vitu hivi vikajikusanya. Upande wa Kwale, kusini kwetu, iko miamba ya asili hiyo, lakini mvua na jua vimeila kwa muda mrefu hata imebaki udongo mwekundu. Mifuko ya udongo huo ilipoletwa kwetu ungesema ni wa kufinyangia vyungu. Jicho halioni kitu, vyombo vya maabara ndivyo huona.

Siku moja mkubwa wangu alitakiwa awaeleze watu wa kawaida maana ya mifuko ile. Mkutano ungefanyika katika ukumbi mmoja wa Likoni, kwa kuwa familia nyingi zenye jamaa na mashamba huko kusini zinaishi hapo. Aliandika ukurasa mmoja kwa Kizungu, akanipa niutafsiri. Pembeni, kwa penseli, penye jina la jumla la metali zile, alikuwa ameandika mwenyewe "madini adimu", kunisaidia. Nilichukia. Dhahabu nayo ni madini adimu, nikamwambia, na tanzanaiti pia. Wataalamu wa Kizungu walitumia neno lenye maana ya ardhi, basi na sisi tuseme ardhi. Nilimkumbusha pia kwamba hapa ndipo Kiswahili kilipolelewa. Akainua mikono, akaniachia. Niliandika: "Kusini ya Likoni kuna ardhi adimu." Niliisoma sentensi hiyo mara tatu, nikaiona nzuri.

Mkutanoni sikwenda, nilikuwa na zamu. Aliyekwenda ni mjomba, kaka mkubwa wa mama. Yeye na mama wanaishi Likoni katika shamba moja la marehemu babu, lililogawanywa kwa sheria ya dini, mafungu mawili kwa mjomba na moja kwa mama. Mimi naishi na mama na kuvuka feri kila siku kwenda kazini. Mpaka wenyewe ni mkonge mmoja huku na mkonge mwingine kule, na kati yake ni kuaminiana tu.

Siku ya pili baada ya mkutano, mama aliniita nikiwa napiga nguo pasi. Nikaitika abee, nikamfuata nje. Miche saba ya minazi ilikuwa imepandwa kwa mstari ndani ya fungu lake, kama hatua kumi kupita mpaka, udongo bado mbichi. Hakuhitaji kuniambia ni nani.

Asiyekuwa mtu wa pwani anaweza kuuliza miche saba ina ubaya gani. Kwetu mti ni wa aliyeupanda na ardhi ni ya mwenyewe, na viwili hivyo vinaweza kuwa vya watu mbalimbali kwa vizazi na vizazi. Mwenye mnazi ana haki ya kuufikia mnazi wake. Leo anakuja kuangua, kesho mwanawe anajenga kibanda cha kuwekea nazi, na wajukuu wanakua wakijua kwamba hapo ni pao. Mama aliyaona hayo yote kwa kuitazama miche tu. Hakupiga kelele wala hakumwendea. Aliingia ndani akaendelea kuchambua mchele, na tangu hapo hakumtaja kaka yake.

Ramadhani ilipoingia ndipo nilipojua ukubwa wa jambo lenyewe. Kila mwaka, kabla ya adhana ya magharibi, sahani iliyofunikwa kawa hutoka kwetu kwenda kwa mjomba, na nyingine hutoka kwake kuja kwetu. Mwaka huo haikwenda wala haikuja. Mama alipika kama kawaida, kisha akatazama chakula kilivyo kingi akasema hana hamu. Kati ya ndugu sita, wanne walitangulia kabla ya babu, wakabaki wao wawili tu, wote wamezeeka, mjomba ana sukari na mama ana presha. Niliogopa mmoja atakufa bila kusemezana na mwenzake. Hofu hiyo nilikwenda nayo kazini na kurudi nayo.

Nikajitia ujasiri nikaenda kumkabili mjomba. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu njiani. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kwa furaha, akanikaribisha mkekani. Nilipotaja minazi hakuona haya hata kidogo. Alitia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Soma mwenyewe," alisema. "Wameandika wenye vyombo vyao. Huko kusini ardhi ishakuwa adimu. Wakikosa ardhi watakuja wapi, si hapa Likoni? Na wakija, mwenye kusikizwa ni mwenye miti. Mamako upande ule hana mti hata mmoja. Mimi nimemzibia."

Niliisoma. Kusini ya Likoni kuna ardhi adimu. Wallahi, ndiyo ile tafsiri yangu, iliyogawiwa mkutanoni. Nilikuwa nimelitazama neno lile kwa macho ya maabara, nikasahau kwamba kwa watu wetu ardhi ni kile wanachopokonywa, wanachopelekana mahakamani kwacho, wanachofia bila hati. Mtu wa bara asiyejua kusema "yale mawe" aliliona shimo hilo akaliepuka. Mimi niliyezaliwa hapa nilitumbukia na kuwatumbukiza wengine.

Wala sikusema. Nilimrudishia mjomba karatasi yake, nikamwambia nimechelewa, mama ananingoja tufuturu. Njia nzima nilijiambia kwamba nimenyamaza kwa kumstahi mzee. Uongo mtupu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa sijawahi kusahihishwa, na sikujua mtu huanzia wapi.

Wiki iliyofuata mkubwa wangu aliniletea ukurasa wa pili wa kutafsiri. Safari hii niliandika "madini adimu" kimya kimya. Aliposoma aliniuliza, bila kejeli yoyote, kama hilo si lile neno nililolikataa. Nikamjibu kwamba wataalamu wa lugha wamebadilisha msimamo. Akaitikia kwa kichwa akaniamini, na kule kuniamini kwake kulinikera kuliko kama angenicheka.

Mwisho nilimwomba ruhusa nilichukue jiwe la droo kwa siku moja. Ilikuwa Ijumaa, alasiri. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba nikamwekea kiganjani. Alilipima kwa kulirusha rusha kidogo, akashangaa uzito wake. Nikamweleza kwamba hiki ndicho kilichotajwa kwenye ile karatasi, vitu vilivyo ndani ya jiwe hili, wala si mashamba. Kwamba wakemia wa zamani, wakipata unga usioungua wala kuyeyuka motoni, waliuita ardhi, na jina likaganda hata leo. Na huo uadimu nao ni wa jina tu, maana vitu vyenyewe vimetapakaa kila mahali, ila kwa uchache uchache, na kuvikuta pamoja kwa wingi kama katika jiwe hili ndiyo shida.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Kwa hivyo hakuna aliyesema ardhi itakwisha?"

"Hakuna, mjomba."

"Na hili neno kaliandika nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilisema moja tu. "Mimi."

Alinitazama, si kwa hasira, bali kwa mshangao, maana ni mimi niliyekuwa nikimkosoa hata yeye akichanganya maneno ya Kidigo katika Kiswahili chake. Alinirudishia jiwe. Akainuka kwa shida, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akaanza kutembea kuelekea kwetu. Nikamfuata nyuma nikilia kama mtoto, na umri wangu huu.

Alikuwa ameinama kwenye mche wa kwanza mama alipotoka. Nilimkimbilia nikamweleza yote papo hapo, karatasi, neno, na wiki zile za kunyamaza. Nilimwambia kosa ni langu, mjomba hana lawama, nilimfahamisha vibaya. Nilitaka anikaripie ili jambo liishe.

"Neno ni lako," mama alisema. "Jembe lilikuwa lako?"

Alinipita akamwendea kaka yake, wakasimama wakitazamana kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule. Mjomba alisema anaing'oa yote saba, asamehewe, alidhani anamlinda.

"Usiing'oe. Ishashika," mama alimwambia. "Unadhani nimekasirikia miti? Ile alfajiri nilikuwa macho. Nilikuona ukipita mbele ya dirisha langu na jembe begani. Nikakaa kitandani nangoja uniite. Nilisema, huyu ni kaka yangu, hawezi kuingia kwangu asiniite. Nikakusikia ukichimba shimo la kwanza, nangoja. La pili, nangoja. Ulichimba yote saba, kaka."

Mjomba aliliacha jembe likaanguka. Nami nilijua wakati ule kwamba ningeitafsiri ile karatasi kwa usahihi kuliko wote duniani, bado mama angekuwa na jeraha hilo, pengine la tangu babu alipofariki na watu wakaanza kupita uani kwake kama njia ya umma.

"Minazi itakuwa yako," mama aliendelea, sauti imeshuka. "Ardhi ni yangu. Michanga hiyo, yataka maji kila siku. Ukija kuitilia, piga hodi."

Jioni hiyo hakuna sahani iliyokwenda popote. Mama alifuturu kwa tende na uji, akasali, akalala mapema.

Kesho yake alasiri tulikuwa ndani, mama anakuna nazi, nikasikia ndoo ikiwekwa chini mbele ya mlango. Kisha sauti ya mjomba, ya chini, ya mtu asiyeizoea kazi hiyo. "Hodi." Mama hakuacha kukuna. Kwetu hodi ni tatu, na usipoitikiwa ya tatu, unaondoka. "Hodi," akasema tena. Nilifungua kinywa nimwitikie kwa niaba yake, kwa mazoea yangu ya kuwasemea watu, mama akanishika mkono kwa vidole vyenye machicha. Nje palikuwa kimya kwa muda mrefu, hata nikadhani amekwenda zake.

"Hodi, mdogo wangu."

"Karibu, kaka," mama alisema, akainuka kumfungulia.