Bluu ya Noela

Jesca ana duka la kuchapa kadi na mabango kule Mtoni, na kwa miaka kumi na mmoja kazi iliyomlisha zaidi ni misiba. Harusi watu huahirisha. Mtu akifa leo, kesho anazikwa. Ratiba ya mazishi hutakiwa kabla jeneza halijatoka nyumbani, na mfiwa huikagua kwenye simu tu, maana siku hiyo nani ana nguvu za kwenda dukani?

Alijua anachofanya, ndiyo maana inauma. Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine hutengeneza kwa wino wa aina nne, na kuna rangi wino hauziwezi kabisa. Kazi ya kuchapa unaipanga kwa CMYK, yaani rangi za wino, ili uone mapema kitakachofifia. RGB, yaani rangi za mwanga, ni ya kutazamwa kwenye kioo. Hilo mtu hufundishwa wiki ya kwanza.

Lakini mzee Albano, seremala wa mtaa wa pili, alikuwa amefiwa na binti yake Noela, na alitaka jambo moja tu kwenye ratiba: watu wamwone alivyokuwa kabla ya kuugua, na gauni lake la kwaya la bluu. Jesca alimtumia picha ya rangi za wino. Mzee akapiga simu, akasema imepooza. Akamtumia ile ya RGB, bluu inawaka. Mzee akapiga tena, akasema, "Huyo ndiye mwanangu."

Jesca akashindwa kumwambia kwamba bluu ile karatasi haina. Akachapa nakala mia mbili hivyo hivyo.

Mashine ikazigeuza rangi yenyewe, ovyo. Gauni likatoka zambarau iliyochujuka, uso ukawa wa kijivu. Jeneza lilikuwa litoke saa nane, na saa saba na nusu ilishapita. Akazipeleka.

Chini ya turubai mzee Albano aliishika moja, akaiangalia weee.

"Ndivyo alivyokuwa wodini," akasema. Hakugomba. Jesca alitamani sana agombe.

Mzee akatoa simu, akaanza kupita mstari kwa mstari, akimwonyesha kila mwombolezaji ile picha ya bluu inayowaka. Watu walitazama, wakatikisa kichwa, wakampa pole. Akafika nyuma kabisa, alipokaa Jesca.

"Na wewe tazama, mwanangu. Alikuwa hivi."

Jesca akaitazama kama mtu ambaye hajawahi kuiona.