Dhahabu Kwenye Kamba ya Nguo

Harufu ya utoto wangu ni godoro. Wenzangu wakisimulia huanza na maandazi ya bibi. Mimi nakumbuka godoro la sponji lililoegemezwa ukutani kila asubuhi, likipigwa jua la machimbo yetu ya Rwamgasa kama mtuhumiwa, huku karasha za kusaga mawe zikinguruma na vumbi likiganda pale palipolowa na kuchora ramani ya nchi nisiyoijua. Nilikuwa na miaka saba. Waliniita Kabula kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, na nadhani jina hilo nililitendea haki kupita kiasi. Nyumbani hakuna aliyenichapa. Mama alisema nina usingizi mzito tu. Lakini mwaka ule bibi wa Kishapu aliagiza wajukuu wote waende kuchuma pamba likizo ya Juni, na kwa bibi watoto hulala mstari mmoja juu ya turubai, kama dagaa walioanikwa ufukweni Nkome. Wa katikati akikojoa, mafuriko hayachagui. Na binamu zangu walikuwa na midomo! Jina la kikojozi ningelibeba mpaka siku ya kuhesabiwa ng'ombe wa mahari.

Basi mama akanipeleka mnadani kutafuta pampasi za kufua, zile zenye umbo la chupi, pamba nene katikati na kitambaa kisichopitisha maji kwa nje. Alinivalisha moja juu ya suruali aone kama naweza kuipandisha na kuishusha mwenyewe, akavuta lastiki za mapajani, zisibane wala zisilegee. Baba naye, mchimbaji, alikuja na kipimo chake. Kwenye kuosha dhahabu, mchanga hupitishwa na maji juu ya mwalo, ubao wa mteremko uliotandikwa kitambaa kizito kinachonasa chembe, na baba alijisifu kwamba hajawahi kuchagua kitambaa kibaya. Akaomba kikombe cha maji, akakimimina chote kwenye pampasi ya kwanza. Maji yakamshukia viatuni.

"Mzee, hiyo ni nguo, siyo mwalo!" muuzaji akalalamika.

"Kama haishiki maji ya kikombe, itashika ya Kabula?" baba akajibu, kwa sauti ya mnada mzima. Nilitamani kujifukia chini ya mitumba. Tukanunua zilizofaulu, na ile iliyovuja pia, maana muuzaji aligoma kurudishiwa bidhaa iliyolowa.

Mama alizifua, akazianika uani. Nyumba ya jirani aliishi Maganga, kijana mchimbaji niliyemwita mjomba. Alipouliza vile vitu vinene ni nini, mama, kwa kunisitiri, akasema ni vitambaa vya mwalo vya Baba Kabula. Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata barabarani. Kwetu kila mchimbaji anajua kwamba kitambaa cha mwalo hakiishiwi vumbi la dhahabu. Watu hukiosha tena na tena, wengine hukichoma wakatafute kwenye majivu. Mama alikuwa ametundika mtego bila kujua. Siku ya kusafiri, asubuhi, kamba ilikuwa tupu. Nililia kama niliyefiwa.

Tukasikia maji yakimwagwa nyuma ya kwa Maganga. Tulimkuta amechuchumaa mbele ya beseni, anakamua pampasi zangu, anazungusha karai na kukodolea macho povu.

"Mayo wane!" mama akamwita mama yake kwa Kisukuma. "Maganga, umepata gramu ngapi?"

"Bado, dada," akasema, ameshikwa hata hajui akimbilie wapi. "Ila huu mwalo, mbona una lastiki?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akamwambia ukweli. Maganga akaitazama mikono yake. Mimi nilimtazama mdomo, nikingoja autangazie mgodi mzima. Akainama kwangu: "Kabula, wewe hujaniona nikiiba, na mimi sijaona kitu kwenye beseni. Sawa?"

"Sawa, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba." Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa na siri yake yenyewe. Nikapumua.

Kishapu turubai liliamka kavu kila asubuhi, na binamu zangu wakapata mwingine wa kumcheka, aliyekuwa akichunga ng'ombe usingizini. Leo niko kidato cha tatu, nalala bwenini. Usingizi bado ni mzito, waulize walimu, lakini ramani zilikoma zenyewe, kama masika yanavyokoma bila kuaga. Pampasi za mdogo wangu mama anazianika mbele ya nyumba, bodaboda wote waone, na hakuna anayedanganya mtu.

Likizo iliyopita Maganga alipita, akasimama mbele ya kamba.

"Mwaka huu mmepata?"

"Chukua ukaoshe, mjomba."

Alicheka mpaka machozi. Kisha akasogea, akashusha sauti. "Hivi zinauzwa wapi? Binti yangu anakwenda kwa bibi yake, na roho yake haijatulia."

Nikaingia ndani kuchukua kikombe cha maji.