Robota la Mtu Mmoja

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kadi ya kliniki tu. Wengine wote walimwita Bi Kaza, kwa sababu kila msimu wa nyasi alisimama kando ya sanduku la mbao na kumwambia aliyekuwa akikanyaga humo ndani, "Kaza. Bado, kaza." Sanduku halikuwa na kitako. Ulitandika kamba mbili, ukajaza nyasi kavu, ukakanyaga hadi magoti yakalalamika, ukafunga, kisha ukanyanyua sanduku na robota likabaki chini, gumu kama tofali. Robota legelege, alisema Bi Kaza, ni la mtu anayeuza upepo.

Alikuwa na ng'ombe wanane na umri wa miaka sabini na mbili. Kila asubuhi alitoa robota ghalani, akalipakata kama mtoto mkubwa asiyetaka kutembea, akalipeleka zizini. Wanawe walipomsihi aajiri mtu, aliwauliza kama na usingizi aajiri mtu wa kumlalia.

Habari ya trekta ililetwa na mwanawe wa mwisho, aliyerudi nyumbani baada ya miaka kumi na minne ya kuendesha malori. Hakukosea. Wakanyagaji hawakupatikana tena, na misimu miwili mfululizo mvua ilizikuta nyasi zilizokatwa zikiwa bado zimelala shambani. Bi Kaza hakupinga. Alisema tu kwamba watakwenda wote, maana kijana huyo wa miaka arobaini angeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Trekta halikuwasumbua. Walichagua dogo, la mtumba. Bi Kaza alipanda kitini, akauliza breki zake zikoje kwenye mteremko, akaridhika. Kuhusu mashine ya kukata na reki ya kukusanyia, walikubaliana bila maneno mengi. Ubishi ulianzia kwenye mashine ya kufunga marobota, kwa kuwa muuzaji alikuwa nazo mbili.

"Hii inafunga ya duara, makubwa," alisema muuzaji. "Shamba zima unamaliza kabla ya chakula cha mchana."

"Robota moja lina kilo ngapi?"

"Mia mbili na ushee. Lakini si kitu, mama, trekta linanyanyua."

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," alisema Bi Kaza. "Na trekta likiharibika?"

"Nitakuwepo mimi," alijibu mwanawe.

"Kama ulivyokuwepo miaka kumi na minne?"

Mwana akageuka kutazama matairi.

Ukweli ni kwamba Bi Kaza aliogopa. Marobota yakibebwa na trekta, ng'ombe watalishwa na mwenye kujua trekta. Jirani yake, mwanamke aliyewahi kulima kuwashinda wanaume, sasa alikuwa amewekwa barazani kwenye kiti cha plastiki, akiulizwa kila saa kama ameshakula. Kiti kile Bi Kaza alikiogopa kuliko kaburi.

Wakanunua ile ya marobota madogo, ya kubebwa na mtu mmoja. Muuzaji akawaonyesha skrubu mbili nyuma yake: ukizungusha kulia robota linakazwa, kushoto linalegea.

"Umesikia?" Bi Kaza alimwambia mwanawe. "Kulia mpaka mwisho."

Mwana alitii. Siku ya kwanza walifunga nyasi za upande wa juu, na marobota yakatoka magumu hata mama mwenyewe akayapigapiga kwa kiganja na kucheka. Hakuna aliyefikiria kwamba chuma hukaza kuliko miguu ya watu.

Asubuhi iliyofuata mwana alikuwa bombani akinawa uso. Alimwona mama yake akiingia ghalani, akakumbatia robota, akalinyanyua. Lilifika magotini, likarudi chini. Akajaribu tena. Kisha akakata kamba na kubeba nyasi kidogo kidogo kwenye khanga, safari nne, akitazama huku na huku kama mwizi wa nyasi zake mwenyewe. Mwana alijifuta uso na moyo ukamuuma.

Alikwenda upande wa chini, ambako nyasi zilikuwa bado hazijafungwa. Akazungusha skrubu kushoto, akajaribu, akazungusha tena. Marobota yakatoka yamebonyea katikati, na kwa kuwa idadi yake iliongezeka, kamba zikatumika karibu mara mbili.

Kesho yake akarudi bombani mapema. Bi Kaza alivuta moja la upande wa chini, likapanda hadi kifuani bila shida. Hapo akasimama. Akalibonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikazama chote. Akamtazama mwanawe.

"Nyasi za upande wa chini ni nyepesi," alisema mwana.

Bi Kaza, aliyezikata nyasi hizo miaka arobaini na sita, alilipakata robota vizuri.

"Ndiyo," alisema. "Za huko ndivyo zilivyo siku zote." Akapita na robota lake kwenda zizini.