Kisanduku cha Wendell Mlangoni

Wendell Stuckey hakuwa mchoyo. Ngazi yake ilizunguka mtaa mzima pale Ohio, na mashine yake ya kukatia majani hakuwa na uhakika iko kwa nani. Lakini ukimgusia visanduku vyake viwili vya majaribio, uso unabadilika. Alivitengeneza mwenyewe mwaka aliotoka jeshi la majini: kimoja cha rezista, vipande vidogo vinavyopunguza umeme, kingine cha kapasita, vinavyouhifadhi kwa muda. Badala ya kulehemu na kung'oa kifaa kimoja kimoja mpaka upate kinachofaa, unaunganisha nyaya za kisanduku, unazungusha kifundo kubadili kipimo, unasikiliza. Ukiridhika unasoma namba, unalehemu kifaa cha kipimo hicho, na kisanduku kinarudi rafuni. Vernon, mwenzake wa klabu ya redio, alikuwa ameshaomba kile cha rezista mara tatu.

"Utazikwa nacho," Vernon alimwambia.

"Na wewe utakuja kukifukua," Wendell akajibu.

Majira hayo ya baridi tatizo lilikuwa kengele ya mlango. Masikio ya mkewe, Arlene, hayakushika tena sauti nyembamba. Opal, dada wa Arlene, alikuja, akabonyeza kengele mpaka kidole kikafa ganzi, akaacha pai ya tufaha kizingitini na kwenda zake amenuna. Tangu siku hiyo Arlene alihamishia kiti dirishani. Kutwa alikaa pale akichungulia barabara, asije akamkosa mgeni mwingine. Mikate aliyozoea kuoka haikuokwa tena. Wendell alimwonea huruma.

Akaunda kengele nyingine. Kapasita kubwa iliifanya sauti iwe nzito, hiyo akailehemu. Kisha akaunganisha kisanduku cha rezista, akamwita Arlene, akaanza kuzungusha kifundo.

"Sema ukisikia."

"Bado. Bado. Hapo. Hapo hapo, usiguse."

Akasoma namba, akalehemu rezista, akaifunga kengele mlangoni huku akipiga mluzi. Jumanne Arlene akapata mafua, masikio yakaziba, tarishi akabonyeza wee, kimya. Wendell akaishusha kengele, akatafuta sauti nzito zaidi, akalehemu upya. Mafua nayo yakaisha.

"Sasa inanguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa," Arlene alisema. "Paka amehamia chini ya kitanda."

Mara ya tatu walikaa kwenye meza ya jikoni, kisanduku katikati yao. Wendell alikuwa ameshashika kalamu aandike namba.

"Mzee, haya masikio hayatulii," Arlene alisema. "Leo hivi, kesho vile. Na mwakani yatakuwa mabaya zaidi, tusidanganyane. Kiache kisanduku hapo hapo kwenye kengele. Nitazungusha mwenyewe."

"Hiki ni cha majaribio, Arlene. Hakikai mahali pamoja."

"Anayekaa mahali pamoja ni mimi. Wiki ya tatu hii, dirishani."

Wendell alikitazama kile kifundo alichokizungusha miaka yote hiyo hadi rangi ikatoka, roho ikamuuma kidogo. Halafu akaenda kuchukua drili ya kukifungia ukutani.

Jumapili alikuwa katika chumba cha chini ya nyumba na Vernon, wakihangaika na redio ya zamani. Alikuwa akijaribu rezista moja moja, analehemu, anang'oa, na vidole viwili vilikuwa vimeshaungua.

"Kuna kifaa kinaitwa kisanduku," Vernon alisema. "Kingetusaidia sana."

"Shika waya, wewe."

Kengele ikalia juu. Wote wawili wakainua vichwa. Zikasikika hatua za Arlene, hazikutoka upande wa dirisha bali jikoni, zikapita juu ya vichwa vyao mpaka mlangoni.

"Una unga mpaka puani," sauti ya Opal ikasema.

Wendell akanyoosha mkono mezani kuchukua rezista nyingine, na kwa furaha aliyokuwa nayo hakujua kama ameshika ile aliyotoka kuing'oa, bado ya moto.