Neno Fupi Nililomwekea Mama Nakiru Mdomoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima, vikanibana mpaka nikawa natembea kama kuku mgonjwa. Nilikuwa nimechukuliwa kuwa mkalimani katika mahakama ya Lodwar. Kabla ya kufungua kinywa niliapishwa kwamba nitatafsiri kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza. Nikaona mbona rahisi. Kiturkana nilikinyonya kwa mama, Kiswahili nilichapiwa shuleni, na Kiingereza nilikuwa nacho cha kutosha kuringia.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya mzee mchungaji aliyeshtakiwa kuingiza mbuzi katika shamba la watu kando ya mto. Hakimu akasoma shtaka, nikalitafsiri, mzee akajibu, "Ee." Nami mbio mbio nikamwambia hakimu, "Amekubali kosa." Karani Mkuu, mtu mnene aliyezeekea mahakamani, akakohoa na kuomba mzee aulizwe tena. Kumbe ile "ee" ilikuwa ya kunionyesha tu kwamba amenisikia. Hata mbuzi wenyewe hawakuwa wake.

Wakati wa chai Karani Mkuu aliniita. "Binti yangu, neno fupi halitafsiriwi, linaulizwa. Mrudishie mwenyewe alimalizie." Kisha akanifundisha jambo la pili la kazi yetu: mkalimani hasemi "amekubali", husema "nimekubali". Unaazima nafsi ya mwenzako na kusema "mimi" kwa niaba yake. "Kwa hiyo ukikosea," akasema, "umesema uongo kwa mdomo wake."

Kutoka Lodwar nilipelekwa Kainuk kutafsiri mikutano ya amani. Huko jua lilinichoma na maneno ya wazee yalinikomaza. Baadaye nikahamia Kakuma, katika ofisi iliyosikiliza maombi ya wakimbizi, na hapo ndipo nilipojua kwamba Lodwar nilikuwa nacheza tu.

Wapenzi wangu, Kakuma neno la silabi moja linaweza kukuzungusha mchana kutwa. Chukua "la". Mimi na wewe tukisema la, tumekataa. Mkongomani anayechanganya Kiswahili chake na Kifaransa akisema la, anakuonyesha pale. Msomali yeye anasema la akimaanisha pamoja na mtu. Au "ma". Katika Kiarabu cha Juba linakanusha, kwa Msomali mara nyingi linafungua swali. Hakuna udugu wowote kati ya maneno hayo, yamekutana tu kwa bahati, kama wasafiri kwenye stendi. Niliyapenda mno. Nilikuwa nayaokota sokoni, kwenye foleni ya maji, kanisani, na ofisini wakaanza kuniita Mama Maneno Mafupi. Sikukasirika. Nilijiona bingwa, nisidanganye.

Basi siku moja akaingia Nakiru, mama wa Kitoposa kutoka Sudan Kusini. Kitoposa na Kiturkana husikilizana, kwa hiyo nilipewa mimi. Nakiru alikuwa amemwacha binti yake wa miaka sita kwa babu mzaa baba wakati wa kukimbia. Sasa alikuwa akiomba mtoto aletwe Kakuma. Ili ombi likubalike ilibidi ithibitishwe kwamba mtoto ni wake, na kwamba anayemlea anajulikana.

Afisa wa Mahojiano alikuwa kijana mwenye adabu, ila siku hiyo foleni ilikuwa imefika nje ya lango. Akauliza, "Babu wa mtoto anaitwa nani?"

Nikatafsiri. Nakiru akainamisha kichwa, akanyamaza.

"Anaitwa nani?" Afisa akarudia, kalamu hewani.

Nakiru akanitazama mimi. Hakumtazama Afisa, alinitazama mimi. Nami nikasema, "Sijui."

Afisa akaandika. Kwa kawaida maelezo husomewa mwenyewe tena kabla hajaweka kidole gumba. Tuliruka hatua hiyo, foleni ikaendelea.

Hapa lazima niseme ukweli, hata kama unaniaibisha. Kwao, kama kwetu Waturkana, mke hatamki jina la baba mkwe wake. Ni heshima, na kulitamka ni kumvua mzee nguo hadharani. Na mimi nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote katika chumba kile, kwa sababu hata mimi ni mke wa watu, na mpaka leo jina la baba mkwe wangu halijapita mdomoni mwangu. Fomu ikilitaka, naliandika. Nakiru hakujua kuandika. Alinitazama kama mwanamke mwenzake nimsaidie, na mimi niliona haya kumweleza kijana wa chuo kikuu mambo ya mila, asije akaniona mshamba. Nikachagua neno fupi linaloeleweka haraka.

Baada ya miezi mingi Nakiru alirudi na barua mkononi. Jirani alikuwa amemsomea: ombi limekataliwa, kwa kuwa mwombaji hajui jina la babu wa mtoto.

"Mimi sikusema sijui," aliniambia. Hakupandisha sauti. "Nilinyamaza. Wewe ndiye uliyesema. Sasa watu wanasema nataka kuiba mtoto wa wengine."

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Nilikwenda moja kwa moja kwa Msimamizi wa Wakalimani, mama mkali asiyependa hadithi ndefu. Nikamwambia nimevunja kiapo.

"Unajua mkataba wako unaisha mwezi ujao?" akauliza.

"Najua."

"Na ukiandika haya, hauongezwi."

"Mama, mtoto wa watu yuko mbali kwa sababu yangu. Nipe karatasi."

Niliandika kurasa mbili, na kweli mkataba haukuongezwa. Lakini faili lilifunguliwa upya, nami niliruhusiwa kuhudhuria. Nakiru alikuja na mzee wa ukoo wa mumewe anayeishi kambini. Swali lilipoulizwa, Nakiru aligeukia ukuta, akafunika masikio kwa shuka, na yule mzee akalitaja jina taratibu, mara mbili, ili Afisa aliandike vizuri. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Nilirudi Lodwar, nikaanza tena chini mahakamani, na huko ndiko nilikostaafu. Wakalimani vijana hunijia siku hizi na simu zao zinazotafsiri. Sizidharau, zinajua maneno mengi kuliko mimi. Ninawasihi tu wasimwonee haya mtu wao mbele ya mkubwa, kwa maana lugha zote nilizojua siku ile hazikunisaidia kitu. Wakiniuliza kama mambo ya Nakiru yaliisha vizuri, nawasimulia siku mtoto alipofika.

Nilisafiri kutoka Lodwar kwenda Kakuma kushuhudia. Gari lilisimama mchana, binti akashuka, amerefuka, meno ya mbele yameshaota upya. Mwaka na zaidi wa kungoja kwake ulikuwa wangu, mimi ndiye niliyeuongeza. Alimtazama Nakiru, akanyoosha mkono kwa adabu na kumwambia "Ejok", kama anavyosalimiwa mgeni.

Nakiru aliupokea ule mkono, akaitikia kama mgeni. Kisha akapiga magoti mchangani na kuanza kumuuliza mwanawe anapenda kula nini, analalia ubavu upi, nani alimsuka nywele. Nilisimama kando ya gari, nikawasikiliza wakijuana.