Bata Saba Ukutani

Mama Randa, seremala, alipigiwa simu na karani mmoja aliyetaka chumba cha binti yake kitengenezwe upya, kimfae sasa na kimfae akiendelea kukua. Fundi akauliza kimo cha mtoto.

"Sentimita tisini na tano," karani akajibu, kisha akaitwa na mkubwa wake, akakata simu.

Mama Randa akapiga hesabu ya haraka: miaka mitatu hiyo. Akaunda kitanda cha kuvutwa, kinachorefushwa kadiri mtoto anavyorefuka, chenye kizuizi pembeni asiporomoke usingizini. Siku ya kukifunga, karani alimwachia ufunguo akakimbilia ofisini. Kazi iliisha mapema, na kwa vile mikono yake haijui kukaa bure, fundi akachora ukutani bata saba wa njano. Akarudi nyuma hatua mbili, akajipongeza.

Mara mlango ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa binti mfupi kweli, amevaa sare ya shule, begi la vitabu likimgonga visigino.

"Shikamoo. Wewe ndiye fundi?"

"Marahaba, mwanangu. Mdogo wako yuko wapi?"

"Sina mdogo. Chumba ni changu." Akatazama ukuta. "Na hawa bata ni wa nani?"

Sauti ile! Uso ule! Havikuwa vya mtoto wa miaka mitatu. Brashi ilimponyoka Mama Randa, ikaangukia mguu wake, asijue.

"Una... una miaka mingapi?"

"Kumi na miwili. Mwakani naingia sekondari. Nimezaliwa hivi, sitarefuka sana. Baba hakukwambia?"

Mama Randa alitamani ardhi ipasuke immeze. Binti akashika kile kizuizi, akakitikisa, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Fundi naye hakujua acheke au alie.

Jioni karani aliporudi, alisimama mlangoni akiwahesabu wale bata.

"Nikieleza habari zake, watu hunipa pole kama nimefiwa," alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Nikaona nitaje kimo tu."

"Ungetaja na miaka, baba, ukaninusuru!" fundi akalalama.

"Nitakua, ila si kwenda juu," binti akadakia, akachomoa daftari. Akachora alichotaka: meza ya kusomea yenye pa kuegemeza miguu, bomba la kutundikia nguo lililoshushwa, rafu za kuongezwa kwa upande vitabu vikizidi, na swichi ya taa usawa wa bega lake. Ukuta, bluu iliyokolea.

Wiki nzima Mama Randa alifanya kazi akimwita huyo bosi mdogo kupima kila ubao kabla ya kukata. Fundi umeme alipomaliza kuhamisha swichi, binti akawasha taa. Akazima. Akawasha tena.

"Miaka yote hii nilikuwa napanda stuli," akasema.

Karani akaitazama swichi, kisha binti yake. Aliishi naye nyumba moja, na hakuwahi kuiona stuli hiyo.