Ng'ombe Saba Kwenye Kioo

Ng'ombe wale niliwatengeneza mimi. Mchoraji wetu alikuwa amechora ng'ombe wa kweli, wenye nundu, pembe na mabaka, mmoja kanyanyua mkia, mwingine kageuza shingo kama anayesikiliza umbea. Nikamwambia afute. Shahada yangu ya pili ilikuwa mpya, na nilijua kwamba kumbukumbu ambayo mtoto anaitumia anapofikiri ni ndogo kama kiganja. Ukimpa vitu vingi kwa pamoja, vinamwagika. Nundu ya nini? Mabaka ya nini? Mtoto anahesabu, haendi mnadani. Mchoraji akafuta huku kaninunia, tukabaki na ng'ombe saba wa kahawia, wanafanana hadi kwato, wamesimama kwenye weupe mtupu.

Ofisi yetu ilikuwa Iyunga, kando ya barabara kuu, ambako malori ya Tunduma yakipita madirisha yanatetemeka. Tulikuwa tunaandaa masomo ya hesabu ya kuwekwa kwenye vishikwambi vya wanafunzi wa darasa la pili. Mimi ndiye niliyesomea jinsi akili inavyojifunza, kwa hiyo neno langu lilikuwa la mwisho, na nilikuwa nalipenda hilo kuliko mshahara. Anzeni na kitu mtoto anachokijua, nikasema. Shule zilikuwa bonde la Usangu, kwenye mpunga na mifugo, basi nikaweka ng'ombe. Mtoto ajue kosa lake palepale, nikasema. Nikachagua sauti ya mbuzi: ukikosea, kishikwambi kinalia mee. Ofisini tulicheka mpaka tukafuta machozi. Asivuke somo kabla hajalimudu. Nikafunga somo la pili kwa asiyepata la kwanza. Alichokosa leo kimrudie kesho, kisha keshokutwa, kisha wiki ijayo, ili kikae kichwani. Kila nilichofanya kilikuwa sahihi, na mpaka leo ukiniandikia hivyo kwenye mtihani nakupa alama zote.

Baba yangu alikuwa mwalimu huko Kilolo, na jedwali la kuzidisha alinifundisha kwa fimbo. Niliapa kwamba kwenye somo langu hakuna mtoto atakayechapwa. Kiapo hicho nilikuwa nakitaja kila nikipewa kipaza sauti, na watu walikuwa wananipigia makofi.

Tulipoanza majaribio, nilikwenda kwenye shule moja mbele ya Ubaruku. Mwalimu mkuu, mzee wa Rungwe mwenye sweta hata jua likiwa kali, alinipokea kwa chai na malalamiko.

"Madam, tunaenda vizuri, ila kuna binti mmoja ametushinda. Wenzake wameshafika kutoa na kukopa. Yeye bado yuko kwa ng'ombe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Na baba yake ameshaniambia, kama hesabu haziingii, anamtoa. Majani huku yamekwisha, wanataka kuhamia kusini na mifugo, na anahitaji mikono. Asipofika somo la pili mpaka shule ifungwe, ndiyo basi."

Nilikwenda kumwona huyo binti kwa hamu ambayo sasa hivi naionea haya. Mtafiti akipata mtoto aliyekwama anafurahi, kama daktari aliyepata kidonda kizuri. Alikuwa na miaka minane hivi, mwembamba, sare imefuliwa ikapauka. Familia yake ilikuwa ya Wasukuma waliohamia bondeni kutoka kaskazini. Wenzake hawakuwa wanamwita jina lake. Walikuwa wanamwita Mee.

Somo lilitaka mtoto aguse kila ng'ombe kwa kidole huku akitaja namba, kisha achague jibu. Binti alinyoosha kidole, akakisimamisha juu ya kioo bila kugusa. Muda ukaisha. Mee. Darasa zima likaitikia mee, kwa furaha, sauti zaidi ya sitini. Kishikwambi kikamletea ng'ombe walewale upya, kwa upole wangu wote.

"Kwenu hamna ng'ombe?" nikamuuliza.

"Wapo, madam."

"Wangapi?"

Akainamisha kichwa. Nikajisemea, tazama, mtoto wa mfugaji, kazaliwa zizini, hajui hata ng'ombe wa baba yake ni wangapi. Sikukasirika. Ningekasirika ingekuwa afadhali. Nikamshika kidole, taratibu, mimi niliyeapa kutomchapa mtoto, nikakibonyeza kwenye kioo. Moja. Akavuta mkono. Nikaukaza. Mbili. Tatu. Alianza kulia kwenye tano, na mimi nikaendelea mpaka saba kwa sababu somo lilikuwa na saba. Kishikwambi kikapiga ngoma ya ushindi. Kisha nikamwambia arudie peke yake, akashindwa, na nikaandika kwenye fomu yangu: hana dhana ya namba.

Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu alinipigia simu nirudi, baba mtu kafika. Nilimkuta ofisini kwa mkuu, mwanaume mrefu wa makamo, kofia mapajani, viatu vyake vya tairi vimejaa vumbi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Binti alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Nionyesheni hiyo hesabu iliyomshinda," alisema.

Mkuu akawasha kishikwambi, akamsogezea. Baba mtu akatazama ng'ombe wangu kwa muda mrefu. Akamuuliza mwanawe jambo kwa Kisukuma, mtoto akajibu kwa sauti ya chini, akinionyesha kwa macho.

"Ni wewe uliyemshika mkono?"

"Nilikuwa namsaidia, baba."

"Kwetu ng'ombe hatuhesabugi kwa kidole," alisema. "Wala kwa mdomo. Ukimhesabu ng'ombe unaita kifo zizini. Huyu amefundishwa na bibi yake tangu hajaanza kutembea. Wiki ile ulipokuja, ndama wawili walikufa. Mimi najua ni ndigana, bwana mifugo alikuja akaona. Lakini mtoto anasema ni kidole chake. Siku mbili hakula."

Nikasema kitu kijinga, kwamba wale ni picha tu.

"Kama ni picha tu, mbona mnataka awahesabu?" akauliza. Halafu akamgeukia mwanawe. "Jana jioni nani wamerudi? Mwambie madam."

Binti akaanza. Yule wa kijivu mwenye nyota usoni. Ndama wake wa pili, mwekundu. Dume jeusi la pembe moja. Jike la madoa lililonunuliwa Madibira, na mama yake, na mdogo wake mwenye sikio lililochanika. Alitaja bila haraka na bila kurudia, rangi, pembe, nani kazaliwa na nani, nani analala upande gani. Mimi nilijaribu kumfuata. Nilipofika wa saba nikampoteza wa pili. Yeye aliendelea, na mkuu aliacha chai yake ikapoa.

"Umemuacha yule anayechechemea," baba yake alisema.

"Amebaki kwa mjomba."

"Haya."

Kisha baba yake akasema kwamba vitu vingine mtoto anahesabu, kwenye mashine ya kukoboa mpunga ndiye anayemhesabiaga bibi yake magunia. Mkuu akammwagia binti chaki mezani. Akazihesabu zote, arobaini na kitu, haraka kuliko nilivyotaka.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nilisema tuanze na anachokijua mtoto, kisha nikamfutia kila anachokijua, nundu, mabaka, sikio lililochanika, nikamwachia kile kimoja alichokatazwa.

"Madam," mkuu alisema, "si ubadilishe tu picha? Weka hata matofali."

Ningeweza. Lakini majaribio yalikuwa katikati, na ukibadilisha somo katikati huwezi tena kulinganisha matokeo ya mwanzo na ya mwisho. Nilikuwa nasubiriwa Iringa kuyawasilisha. Michoro ilikuwa tayari, mizuri, ya rangi.

"Muhula ujao," nikajibu.

Baba yake alivaa kofia. "Mimi sina ugomvi na shule. Leta hesabu nyingine, abaki na bibi yake asome. Ukichelewa, naondoka naye."

Binti alinitazama kwa mara ya kwanza. Nilitaka kufika kwenye gari. Nikamshika bega nikamwambia, "Nitakuletea mwenyewe hesabu nyingine. Nisubiri."

Iringa niliwasilisha kwenye ukumbi wa hoteli, kukiwa na baridi ya kutosha kuwafanya wageni wakae na makoti. Kwenye grafu, mistari ya watoto wote ilikuwa inapanda. Mmoja ulikuwa umelala chini kabisa, na bwana mmoja aliyekaa mbele akauliza huyu ana nini. Ningeweza kusema ukweli kwa sentensi mbili. Nikasema ana tatizo la uelewa, wako hivyo wachache kila mahali. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Jioni walinipa pongezi, na kabla mwezi haujaisha ofisi ikanipandisha cheo.

Matofali niliyaweka baadaye, wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa. Kazi yote ilichukua saa mbili, pamoja na kunywa chai. Nikayapeleka mwenyewe Ubaruku, kama nilivyoahidi, na mkuu akanifungulia daftari la mahudhurio. Jina lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, pembeni pameandikwa amehama.

Nikaomba nielekezwe kwao. Nyumba ilikuwa moja tu iliyobaki na mtu, zizi wazi, samadi imekauka. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia ni madam wa hesabu.

"Aa, ni wewe," alisema, akaendelea kupepeta. "Alikusubiri. Shule ilivyofunguliwa tu, alikuwa anavaaga sare asubuhi anakaa pale njiani. Baba yake alimwachia siku tatu zaidi, mifugo imeshafunguliwa. Kila gari likipita anasimama. Siku ya nne wakamvua sare, wakaondoka naye."

Akaweka ungo chini. "Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, bibi," nikamwambia. "Nilikuwa na kazi."